Yesu Alimpata Nje

Masomo: Yohana 9 yote na Yohana 10:1-10, Zaburi 105:12-15, Marko 5:35-43.

Wapendwa wasikilizaji, ninyi wa Musonoi, wa Kolwezi mjini, na wa kila mahali sauti ya radio hii inapofika, amani ya Bwana wetu iwe pamoja nanyi. Na wewe unayesoma karatasi hii bila kutusikia, neno hili ni lako vilevile.

Leo tunataka kusema na watu fulani. Ni wale waliokua ndani ya nyumba ya maombi ambamo mtu mmoja alitawala kila kitu, na sasa wametoka. Wengine walifukuzwa mbele ya watu wote. Wengine waliondoka pole pole, mpaka siku moja ya Mungu wakabaki nyumbani na hawakurudi tena. Leo ni watu wazima, wana watoto wao. Wakija kwetu, wanatuambia neno kama hili: "Mchungaji, mimi nilitoka, lakini sijui kama Mungu alitoka pamoja nami."

Neno hilo ni zito. Ndilo tunalotaka kulijibu leo kwa Maandiko.

Tunajua nyumba hizo zilizaliwa namna gani hapa kwetu. Wazee wa Musonoi wanakumbuka wakati kampuni ilikuwa baba na mama. Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ilijenga kambi, ilitoa posho, ilikuwa na shule na hospitali. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, kazi ikalegea, mishahara ikakawia. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Baba wengi walibaki wamekaa mlangoni, mikono mitupu.

Mtu aliyepoteza baba hutafuta baba mwingine. Nyumba za maombi zikafunguliwa katika kila kartie. Nyingi zilikuwa za kweli: watu waliomba pamoja, waligawana bukari kidogo waliyokuwa nayo, walizikana kwa heshima. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini nyingine zilikalia kiti kile ambacho kampuni iliacha wazi. Mtumishi mmoja akawa ndiye anayesema nani amuoe nani, mtoto gani aende shule, mgonjwa gani anywe dawa, ndugu gani asisalimiwe tena. Falanga za nyumbani zikapita mkononi mwake kwanza. Aliyeuliza aliambiwa ana roho ya uasi. Watoto waliokua humo ndio tunaosema nao leo.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada huko Kanungu. Walikuwa wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Huko Kenya, mwezi wa Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, katika jimbo la Kilifi. Walitoa miili zaidi ya 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Madaktari walioipima walikuta kwamba wengi walikufa kwa njaa. Serikali inasema watu hao walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa mwaka 2024 pamoja na wenzake. Walikana mashtaka wakati huo, na kuhukumu ni kazi ya mahakama.

Tunataja Shakahola kwa sababu ya jambo moja. Watu walipokwenda kuwaokoa wale waliokuwa bado hai, baadhi yao walikataa kula. Chakula kilikuwa mbele yao, nao wakafunga midomo. Miguu yao ilikuwa imetoka msituni, lakini msitu ulikuwa bado ndani yao.

Ndugu zangu, hapa Musonoi hatukuona makaburi ya namna ile. Lakini msitu wa ndani tunaujua. Ndio unaomshika mama aliyetoka miaka kumi iliyopita: mtoto wake akipata homa usiku, neno la kwanza linalomjia ni kwamba laana ya mtumishi imemfikia. Ndio unaomshika kijana ambaye hawezi tena kufungua Biblia, kwa sababu kila ukurasa anausikia kwa sauti ya mtu yule aliyempiga nayo. Huyu hakumwacha Mungu. Anaogopa tu kwamba Mungu anafanana na yule mtu.

Sasa tuingie katika Yohana 9.

Mtu huyu alizaliwa kipofu. Yesu akampaka tope machoni, akamtuma kunawa katika birika la Siloamu, naye akarudi akiona. Ilikuwa siku ya Sabato. Pahali pa kufurahi, wakubwa wa dini walifungua kesi. Wakamwita yeye, kisha wakawaita wazazi wake. Wazazi wakakubali kwamba ni mtoto wao na kwamba alizaliwa hivyo. Mengine wakasema aulizwe mwenyewe, kwa kuwa ni mtu mzima. Mstari wa 22 unatuonyesha sababu: waliogopa. Ilikuwa imekwisha kukatwa kwamba kila atakayemkubali Yesu kuwa Kristo atatupwa nje ya sinagogi.

Wewe uliyelelewa katika hofu, waangalie wazazi hawa vizuri. Mtoto wao ameona jua kwa mara ya kwanza, nao hawawezi hata kushangilia. Biblia haifichi kwamba walimwacha peke yake mbele ya waamuzi. Lakini inatuambia pia kilichowafunga mdomo. Pengine baba yako na mama yako walifungwa na kamba hiyo hiyo. Walikupeleka kule kwa sababu waliogopa njaa, waliogopa uchawi, waliogopa kifo, na mtu mmoja aliwaambia kwamba ana dawa ya hofu zote. Ukijua hivyo, utaweza kuanza kusamehe. Lakini kusamehe si kurudi chini ya utawala ule, wala si kuwapeleka watoto wako kule ili kumpendeza bibi yao. Msalimie mama yako, mpelekee unga, mtunze akiugua. Mlango wa watoto wako uulinde.

Katika sura hii tunaona mambo matatu.

La kwanza, imani ya mtu huyu ilikua kwa njia ya maswali. Fuata mistari. Katika mstari wa 11, Yesu kwake ni mtu tu. Katika mstari wa 17, anasema ni nabii. Katika mstari wa 33, anajua kwamba ametoka kwa Mungu. Katika mstari wa 38 anamwita Bwana na kumsujudia. Nani alimpandisha ngazi hii? Wale waliokuwa wakimuuliza ili wamwangushe! Kila swali lilimlazimisha kutafuta jibu lake mwenyewe, na kila jibu lilimsogeza karibu na Kristo. Basi wewe uliyeambiwa tangu utoto kwamba kuuliza ni dhambi, jua kwamba maswali yako hayamwogopeshi Mungu.

Tena tazama alianzia wapi. Katika mstari wa 25 anakubali kwamba kuna mambo hayajui. Analijua moja tu: macho yake yalikuwa gizani, na leo anaona. Hakungoja kuwa na mafundisho yote ndipo asimame. Alisimama juu ya neno moja, lakini lilikuwa lake. Nawe anza hivyo. Usijaribu kurudisha yote kwa siku moja. Labda unajua tu kwamba Yesu aliwapenda watoto. Labda unajua tu kwamba usiku fulani ulilia, na mtu asiyeonekana akakutuliza. Shika hilo. Jenga juu ya hilo.

Na mengine yote uliyofundishwa? Yapime. Ndivyo Paulo anavyotuagiza katika 1 Wathesalonike 5:21, kupima kila kitu na kubaki na kilicho chema. Hapa kwetu kupima si jambo geni. Mchimbaji akitoa mawe yake shimoni, hatupi mfuko wote kwa sababu una udongo. Anayapeleka mtoni, anaosha, anachambua, anaweka kando lililo na madini. Na akifika kuuza huko Musompo, depo ikimwambia kwamba mashine ya Metorex imeonyesha asilimia ndogo, anabeba mfuko wake anakwenda depo ya pili, na ya tatu. Tuseme depo inamkataza kupima mawe yake mahali pengine. Mchimbaji wa Kolwezi atafikiri nini? Nanyi mnajua. Basi, kama mfuko wa mawe tunaupima mara tatu, kwa nini roho zetu tuzitoe kwa kipimo cha mtu mmoja? Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, na bado walikwenda kuchunguza Maandiko kila siku. Soma Matendo 17:11. Wanasifiwa kwa ajili hiyo.

Tuoshe mawe machache pamoja.

Kufunga. Kufunga ni kwema, Bwana alifunga. Lakini katika Mathayo 6 anasema kufunga ni siri kati yako na Baba, si amri ya mtu anayehesabu siku zako. Na mtoto mdogo hafungishwi kwa nguvu. 

Dawa. Tunaombea wagonjwa, na tumeona Mungu akiponya. Lakini Luka alikuwa mganga, na Paulo anamwita mpendwa, Wakolosai 4:14. Timotheo alipougua tumbo mara kwa mara, Paulo alimshauri atumie divai kidogo, 1 Timotheo 5:23. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Mtoto akiwa na homa, omba, na njia moja na maombi mpeleke hospitali.

Mtiwa mafuta. Wengi walifungwa mdomo na neno hili, kwamba mtiwa mafuta wa Mungu haguswi. Hebu fungua Zaburi 105, uanze mstari wa 12. Watiwa mafuta wanaotajwa pale ni akina nani? Ni Abrahamu na Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wasio na nchi, wanaotangatanga kutoka taifa hata taifa. Na anayekatazwa kuwagusa ni nani? Ni wafalme! Mungu alilisema neno hilo kumlinda mdogo mbele ya mkubwa. Waliokupiga nalo waliligeuza juu chini. Ndugu, katika zaburi hiyo wewe ndiwe uliyekuwa mgeni anayelindwa.

Kisha kuna wale walioumizwa kuliko wote, walioitwa wachawi wakiwa watoto. Baba alipoteza kazi, ikasemwa ni mtoto. Mtoto mwingine alikufa, ikasemwa ni huyu. Wakawekwa kando, wakanyimwa chakula, wengine wakalala sokoni. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Lakini sikia na neno la Injili. Katika Marko 5, Yesu anafika nyumbani kwa Yairo. Mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili amelala amekufa, na nyumba imejaa kelele. Yesu anawatoa watu nje. Anamtoa nani? Wale wenye kelele na kicheko. Mtoto hamtoi. Anamshika mkono, anamwinua, kisha anaagiza apewe kitu cha kula. Hii ndiyo sura ya Bwana wetu: anamgusa mtoto ambaye wengine wamekwisha kumkatia tamaa, na anakumbuka kwamba ana njaa. Mtu yeyote aliyekunyima chakula kwa jina la Yesu, hakuagizwa na Yesu huyu.

Jambo la pili ni mstari wa 35 wa Yohana 9. Walimtupa nje. Yesu akasikia kwamba wamemtupa nje. Akamtafuta mpaka akampata.

Wapendwa, someni mstari huu pole pole. Yesu hakumngoja arudi sinagogini kwa magoti. Hakutuma mtu amwambie aombe radhi kwa wakubwa. Alikwenda mwenyewe kule nje, na huko nje ndiko alikomfunulia jina lake. Ndani ya sinagogi mtu huyu alijua nusu. Nje alijua kwa ukamili. Basi swali lile, kama Mungu alitoka pamoja nawe, jibu lake ni hili: alikutangulia. Mlango ulipofungwa nyuma yako, yeye alikuwa upande wako.

Jambo la tatu liko katika sura ya 10. Katika maandiko ya kwanza hapakuwa na namba za sura. Yesu anaendelea kusema na watu wale wale waliomtupa yule mtu nje, na anawaeleza mchungaji ni mtu gani. Anajiita mlango, na katika mstari wa 9 anasema kondoo wake wataingia, watatoka, na watapata malisho. Kuingia na kutoka! Zizi lisilo na njia ya kutoka ni gereza. Katika Yohana 6:67, watu wengi walipomwacha, Yesu aliwauliza wale kumi na wawili kama wao pia wanataka kwenda. Hakufunga mlango. Hakuwatisha kwamba watakufa njiani. Petro alibaki kwa sababu alipenda kubaki, na kubaki kwa namna hiyo ndiko kunakoitwa imani.

Tena Biblia inamjua mtu wa namna ile nyingine, na inamtaja kwa jina. Katika 3 Yohana, mistari ya 9 na 10, yuko Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza, aliyekataza watu kuwapokea ndugu, na kuwafukuza kanisani waliojaribu. Alikuwa ndani ya kanisa, na mtume Yohana hakunyamaza. Kwa hiyo usifikiri kwamba ukisema ukweli juu ya utawala mbaya unalitukana kanisa.

Sasa, uanzeje? Tunakushauri mambo madogo.

Soma Injili ya Marko. Ina sura 16 tu. Soma sura moja kwa siku, na ujiulize swali moja: Yesu huyu anawatendeaje watu wanyonge? Hofu ikikushika, funga kitabu, kesho utaendelea. Hakuna atakayekuhesabia.

Omba kwa sauti yako mwenyewe na kwa lugha ya nyumbani kwako. Kama makelele yanakurudisha kule ulikotoka, omba kimya. Hana alipoomba Shilo, midomo ilitikisika tu, na Mungu akamsikia, 1 Samweli 1:13.

Usikae peke yako muda mrefu, lakini pia usikimbilie nyumba nyingine kwa haraka. Mtu aliyezoea kutawaliwa humtafuta mtawala bila kujua. Kabla ya kujiunga na kanisa lolote, hata letu, uliza haya. Hapa mtu anaweza kuuliza swali bila kuaibishwa? Fedha zinahesabiwa na nani, na hesabu inasomwa mbele ya nani? Mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitali? Na mtu akihama, anaagwa kwa maombi au kwa laana? Mchungaji akikasirika kwa sababu umeuliza, umekwisha kupata jibu.

Na ninyi washiriki wa makanisa yetu, ndugu kama huyo akiingia siku ya Mungu na kuketi nyuma karibu na mlango, mwacheni akae hapo. Msimvute mbele. Msimwombe ushuhuda. Mpeni mkono, mwulizeni jina lake, na wiki ijayo mkumbuke jina hilo. Pengine itachukua mwaka kabla hajaimba. Mungu ana wakati.

Na sisi wachungaji tumepewa mpaka wetu. Petro, katika 1 Petro 5:3, anatukataza kujifanya mabwana juu ya kundi. Paulo, katika 2 Wakorintho 1:24, anasema yeye si mtawala wa imani ya watu, bali ni mwenzao wa kazi, ili wapate furaha. Kama Paulo hakutawala imani ya Wakorintho, hakuna mtu Musonoi aliyepewa kuitawala yako.

Tuombe. Baba, unawajua kwa majina waliotupwa nje na waliotoka wenyewe. Watafute, kama Mwana wako alivyomtafuta yule mtu. Ondoa hofu waliyolishwa kwa jina lako. Uwape neno moja la kusimamia, na baada yake lingine. Wazazi waliobaki kule wakiogopa, uwafungue. Watoto waliopo kule leo, uwalinde, uwape chakula. Na sisi sote utufundishe kuacha mlango wazi. Kwa jina la Yesu Kristo, mchungaji mwema. Amina.

Mungu awabariki. Ukiwa na mtu uliyemfikiria wakati ulipokuwa ukisoma, mpelekee karatasi hii. Usimhubirie. Mpe tu, na ukae naye kidogo.